Bustani ya Shule Inapokwama: Kusoma Dalili na Kutafuta Sababu katika Shule za Dar es Salaam

Bustani za shule jijini Dar es Salaam hufa kwa njia chache ambazo hujirudia mwaka hata mwaka. Mwezi Machi matuta hupandwa kwa shangwe, Aprili mchicha husimama vizuri kwa mvua za masika, Juni shule hufungwa, na Julai wanafunzi wanaporudi hukuta magugu, vijiti vikavu na kuku wa majirani. Nimefuatilia bustani za shule kadhaa za msingi za jiji hili, na jambo lililonihuzunisha kuliko mboga zilizokauka ni kwamba karibu kila tatizo lilishughulikiwa na mtu mzima mmoja, jioni, watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani. Jani lilipogeuka njano mwalimu alinunua mbolea. Mche ulipokatwa mwalimu alinunua dawa. Na mtoto aliyeliona jani lile asubuhi hakuulizwa hata mara moja alidhani limepatwa na nini. Dalili inayojitokeza kwenye tuta ni somo la sayansi lililokwisha kuandaliwa, tena bila gharama, na kwa sababu hiyo katika mwongozo huu kila tiba inatanguliwa na jaribio ambalo wanafunzi wenyewe wanaweza kulifanya.

Ipo kanuni moja ya kushika kabla ya kuanza. Tatizo likionekana, lisitibiwe siku hiyo hiyo. Wanafunzi waandike kwanza kwenye daftari la bustani walichokiona, tarehe, tuta gani, na mimea mingapi kati ya mingapi. Kisha tuta moja liachwe kama lilivyo na jingine libadilishwe kitu kimoja tu. Mwalimu anayeongeza samadi, maji na dawa kwa wakati mmoja huenda akaokoa mboga, lakini hatajua kamwe kilichoziokoa, na wanafunzi wake pia hawatajua.

Mbegu hazioti, au zinaota kwa mabakamabaka

Kwa kawaida lawama huangukia mbegu, na mara nyingi mbegu haina hatia. Ili kujua, wanafunzi wahesabu mbegu 10 za aina ileile, wazifunge katika kitambaa chenye unyevu, wakiweke kivulini na kukilowesha kila siku kwa siku tano hadi saba. Zikiota 8 kati ya 10, mbegu ni nzima na kosa limo katika upandaji; zikiota 3 tu, mbegu zimezeeka au zilihifadhiwa mahali penye joto, na tarehe iliyochapishwa kwenye pakiti itasaidia kulithibitisha hilo. Darasa likigawanywa katika makundi kumi, kila kundi na kitambaa chake, somo la asilimia na la wastani linapatikana hapo hapo.

Kosa la upandaji linalotokea zaidi ni kina. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, na mtoto aliyezoea kuona mahindi yakifukiwa huifukia vivyo hivyo, ikachoka kabla haijafika juu. Ichanganywe na mchanga mkavu ili isimwagike kwa wingi mahali pamoja, kisha ifunikwe kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Sababu ya pili ni kichanga cha jiji letu, ambacho kikimwagiliwa asubuhi tabaka lake la juu huwa limekauka ifikapo saa sita mchana. Matandazo mepesi ya nyasi kavu, au kipande cha makuti kilichoinuliwa kidogo juu ya tuta na kuondolewa mara miche inapochomoza, hulinda unyevu huo. Sababu ya tatu, ambayo watu wazima huidharau, ni sisimizi. Wanafunzi wakikaa kimya kando ya tuta kwa dakika kumi baada ya kupanda, wataziona mbegu zikisafirishwa.

Ikiwa miche imechomoza vizuri kisha inaanguka ikiwa imesinyaa pale shina linapogusana na udongo, huo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea jamii ya kuvu vinavyopenda msongamano na udongo usiokauka. Punguza miche, mwagilia asubuhi badala ya jioni, na usirudie kutumia udongo wa kitalu kile kile. Kwa madarasa ya chini ningeshauri kuanza na mbegu kubwa kama kunde na bamia, kwa kuwa vidole vidogo huzishika kwa urahisi, na kunde huota ndani ya siku chache, kabla subira ya mtoto haijaisha.

Majani yanageuka njano

Dalili hii ndiyo yenye utajiri mkubwa wa mafunzo, kwa sababu rangi moja inaletwa na sababu nyingi zisizofanana. Swali la kwanza la kuwauliza wanafunzi ni hili: majani yaliyoanza kugeuka ni ya chini yaliyokomaa, au ni ya juu yaliyo machanga?

Yakianza ya chini, na mmea mzima ukawa umedumaa, mara nyingi upungufu ni wa naitrojeni. Mmea unapokosa naitrojeni huihamisha kutoka kwenye majani yaliyozeeka na kuipeleka kwenye chipukizi, na mtoto akielezwa hivyo huelewa mara moja kwa nini jani la chini ndilo linaloumia. Kichanga cha Mbagala, Kigamboni au Tegeta hakishiki virutubisho kwa muda mrefu, na mvua kubwa za Aprili huvizamisha chini ya mizizi. Wanafunzi wanaweza kujionea aina ya udongo wao kwa kujaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, kuongeza maji hadi karibu na shingo, kutikisa kwa nguvu na kuiacha itulie: mchanga huzama ndani ya dakika moja hivi, chembe za kati huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuelea kutwa nzima na zaidi. Tabaka hupimwa kwa rula. Shule ambayo chupa yake ni mchanga karibu wote haina haja ya kubahatisha. Inahitaji samadi iliyooza na mboji katika kila msimu, kwa vipimo vidogo vinavyorudiwa.

Yakianza ya juu, na jani likawa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, fikiria madini ya chuma. Katika maeneo ya karibu na bahari, udongo mwingi umechanganyika na vipande vya matumbawe ya kale, yaani chokaa, na katika udongo wa namna hiyo chuma kinaweza kuwapo kwa wingi lakini mizizi ikashindwa kukichukua. Jaribio lake huwafurahisha sana watoto: matone ya siki yadondoshwe juu ya kijiko cha udongo mkavu, na povu likitokea, chokaa ipo, kwani tindikali imekutana nayo na kutoa kabonidayoksaidi. Maji ya choya yanaweza kutumika kama kipimo cha nyongeza, maana hubaki mekundu penye tindikali na kugeuka kuelekea buluu au kijani penye alkali. Hapa naomba walimu wawe waangalifu na jivu. Imekuwa desturi kumwaga jivu kwenye kila tuta lenye shida, na jivu lenyewe ni alkali. Kwenye udongo wa chokaa linaongeza ugonjwa ule ule. Panda kwenye viroba au matuta yaliyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine na kuchanganywa na mboji.

Mmea wote ukigeuka njano kwa pamoja baada ya siku kadhaa za mvua, chimba kidogo. Udongo unaonuka na kutoa maji umeinyima mizizi hewa, na tiba yake ni kuinua tuta na kufungua mfereji. Kingo za majani zikionekana kama zilizoungua siku chache baada ya kuweka samadi ya kuku, samadi hiyo ilikuwa mbichi. Mabanda ya kuku wa nyama ni mengi jijini na samadi yake hupatikana kwa urahisi, lakini inapaswa kurundikwa, kufunikwa na kugeuzwa kwa miezi miwili au mitatu hadi harufu yake kali iishe, kwa usalama wa mizizi na wa matumbo ya watoto pia.

Linalobaki ni kung'oa mmea mmoja na kutazama mizizi yake. Mwanafunzi akiona uvimbe, asikimbilie kusema ni ugonjwa. Kwenye kunde, vinundu vidogo vilivyobandika ubavuni mwa mzizi hung'oka kwa ukucha, na kikipasuliwa kinundu kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi ndani. Hao ni bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Lakini kwenye nyanya au bamia, uvimbe ambao ni mzizi wenyewe ulionenepa na usioweza kubanduliwa ni kazi ya minyoo fundo, ambao hustawi sana kwenye kichanga chenye joto. Ukiweka mizizi hiyo miwili juu ya meza moja, darasa litakuwa limejifunza mengi kuhusu viumbe wadogo kwa kutazama tu. Mizizi yenye minyoo fundo ichomwe, tuta ligeuzwe na kufunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga katika jua la Januari na Februari kwa wiki nne hadi sita, kisha lilishwe samadi ya kutosha kabla ya masika.

Mimea inanyauka ilhali inamwagiliwa kila siku

Wanafunzi wengi humwagilia rangi ya udongo. Tuta likishakuwa jeusi juu, wanahamia jingine. Dakika chache baada ya kumwagilia, chimbeni kishimo na kupima kwa rula: mara nyingi maji hayakushuka hata sentimita tatu, na mizizi iko chini ya hapo. Hesabu inayohitajika ni nyepesi, kwa kuwa milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mboga za majani katika joto letu zikikadiriwa kuhitaji milimita 5 kwa siku, tuta la mita moja kwa mita tano linataka lita 25, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake. Mwalimu akigundua kwamba shule yenye matuta kumi inahitaji lita 250 kila siku, huenda akaamua kuwa na matuta manne yanayotunzwa vizuri, na uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote.

Kama kipimo cha maji ni sahihi na mimea bado inanyauka, ncha za majani zikikauka na utando mweupe ukatanda juu ya udongo, shuku chumvi. Visima vingi vilivyo karibu na pwani ya jiji vina maji ya chumvi, kwa sababu maji baridi yanapovutwa kwa wingi kutoka ardhini, maji ya bahari husogea kuchukua nafasi yake. Mimina kikombe kimoja cha maji ya mvua katika sahani moja na kikombe kimoja cha maji ya kisima katika nyingine, uziache juani hadi zikauke, kisha watoto walinganishe mabaki. Baadaye pandeni maharage katika viroba viwili, kila kimoja na maji yake, kwani maharage hayavumilii chumvi na hutoa jibu mapema. Shule yenye maji ya namna hiyo na iachane na maharage, karoti na vitunguu, ichague spinachi, iweke matandazo mazito, na ikumbuke kwamba kumwagilia kidogo kidogo hurundika chumvi juu, ilhali maji mengi kwa mara moja huisukuma chini.

Suluhisho la kudumu liko juu ya paa. Paa la chumba kimoja cha darasa lenye upana wa mita 7 na urefu wa mita 9 lina mita za mraba 63. Mwezi wa Aprili Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua, kwa hiyo paa hilo moja linaweza kuvuna zaidi ya lita 12,000. Tukiondoa zinazopotea, zikabaki 10,000, na shule ikawa na tangi la kuzihifadhi, zinatosheleza matuta manne ya lita 25 kwa siku 100, yaani kuanzia mwanzo wa Juni hadi wiki ya pili ya Septemba. Ningependa kila darasa la sita lipige hesabu hii kwa paa lake lenyewe na kuipeleka mbele ya kamati ya shule. Tangi, mapipa na hata visahani vilivyowekwa chini ya viroba vifunikwe au kumwagwa kila wiki, kwa sababu mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye vyombo, na jiji hili lilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Nyanya, bilinganya au pilipili inayonyauka ghafla ikiwa bado kijani ina shitaka jingine. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize katika glasi ya maji safi, na msubiri dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao hauna dawa: mmea ung'olewe pamoja na udongo wa mizizi yake, na jamii hiyo ya mazao isirudi mahali hapo kwa miaka mitatu.

Mimea ni mirefu, myembamba na imelala upande mmoja

Hiki ni kivuli, na kivuli cha Dar es Salaam huhama. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini miezi inayosalia. Ukuta wa mita 3 uliosimama kaskazini mwa bustani hutupa kivuli cha karibu mita 1.7 mchana wa Juni, wakati mwezi Desemba hautupi kivuli chochote upande huo. Bustani iliyopimwa Januari inaweza basi kujikuta gizani wakati wa kipupwe. Wanafunzi wachore mipaka ya kivuli kwa kijiti saa tatu, saa sita na saa tisa, mara moja kwa mwezi. Mboga za matunda kama bamia na nyanya zipewe mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na matembele, yanayovumilia kivuli kidogo, yapewe panapobaki.

Majani yana matundu, yamejikunja au yanang'aa utomvu

Geuzeni majani kabla ya kuzungumza juu ya dawa, maana adui hukaa chini ya jani. Vidukari hukusanyika kwenye chipukizi za kunde, na sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina huwa wanawafuga kwa ajili ya utomvu wao mtamu; maji ya sabuni yaliyonyunyizwa upande wa chini yanatosha. Miche iliyokatwa usiku na kulazwa chini ni kazi ya kiwavi aitwaye sota, ambaye hupatikana kwa kufukua udongo unaozunguka shina. Matundu ya kawaida kwenye mchicha yavumiliwe. Viuatilifu vya dukani sioni sababu ya kuviingiza katika bustani ya watoto, na hata maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita moja na kulazwa usiku kucha, yanyunyizwe na mtu mzima, na mboga zioshwe vizuri baada ya kuvunwa.

Udongo wenyewe hauaminiki

Sehemu nyingine hazipaswi kulimwa na shule, hata kama mboga zinastawi hapo kwa uzuri wa kupendeza. Bonde la Mto Msimbazi limepokea majitaka ya viwandani na majumbani kwa miaka mingi, na mahali palipokuwa dampo, gereji au pa kuchomea taka panaweza kuwa na risasi na metali nyingine nzito. Metali hizo hazionekani, hazinuki, hazitoki kwa kuchemsha, na mboga za majani ni miongoni mwa zinazozihifadhi. Waulizeni wazee wa mtaa eneo la shule lilikuwa nini kabla ya madarasa kujengwa. Likiwa na historia ya namna hiyo, pandeni kwenye viroba vyenye udongo uliotoka mahali panapojulikana, na maji ya mifereji ya barabarani yasitumike kabisa.

Kila likizo bustani inakufa

Sababu ya kifo hiki iko kwenye kalenda, na tiba yake hupangwa wiki nane kabla. Mchicha huwa tayari wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, kwa hiyo unaopandwa mwishoni mwa Aprili huvunwa kabla ya likizo ya Juni, na hakuna haja ya kuacha matuta yakiwa na mazao machanga. Matuta yanayoingia likizoni yavunwe, yafunikwe matandazo, au yaachiwe matembele na mlonge, mimea inayojitegemea. Desemba ni ngumu zaidi, kwa kuwa vuli inakatika na joto linapanda.

Shule moja ya upande wa Temeke iliwapangia wazazi wanaoishi jirani zamu ya siku mbili mbili, na kila mzazi aliruhusiwa kuvuna alichokikuta tayari siku yake. Bustani ilivuka likizo. Shule nyingine niliyoifahamu ilimwachia mlinzi jukumu hilo bila makubaliano yoyote, kisha ikamlaumu. Naona haikumtendea haki. Kuku na mbuzi wanazuiwa na uzio, na nyavu chakavu za wavuvi hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo wakati michongoma inakua. Vyandarua vilivyotiwa dawa visitumike.

Wanafunzi wanalima, lakini hawajifunzi kitu

Dalili yake ni nyepesi kuitambua: muulize mtoto yeyote aliye bustanini kwa nini anafanya anachokifanya. Akijibu kwamba mwalimu amesema, tatizo hili lipo.

Mizizi yake ni ya zamani. Sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya elimu yenyewe, wanafunzi wakishiriki kupanga, kupima na kuamua juu ya mavuno. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe, mipango na vipimo vikapotea, na jembe lenyewe likageuka adhabu ya wachelewaji. Mtoto aliyepelekwa bustanini kwa sababu amekosa hawezi kuipenda, na atauhusisha mchicha na aibu. Adhabu ya bustani ikomeshwe kabla ya jambo jingine lolote katika mwongozo huu kujaribiwa. Bila hilo, mengine hayatafika mbali.

Sababu nyingine ni wingi wa watoto. Wanafunzi 90 hawawezi kuzunguka tuta moja, na walio nyuma wataona migongo ya wenzao tu. Gawa darasa katika makundi ya watu 10, kundi moja liwe bustanini kwa dakika 20 huku mengine yakifanya kazi ya kuandika, na kila kundi liwe na mita yake moja ya mraba na swali lake moja: tuta lenye matandazo na lisilo nayo, lenye samadi na lisilo nayo, lililomwagiliwa asubuhi na lililomwagiliwa jioni. Shule yenye zamu mbili inaweza kuzilinganisha zamu zenyewe. Urefu wa mmea upimwe siku ile ile ya wiki na matokeo yabandikwe ukutani, pamoja na yale yaliyokwenda kinyume na matarajio.

Mboga zinavunwa, lakini watoto hawazili

Anza kwa kuchunguza swali lako. Kiswahili cha nyumbani huita mboga kila kinachoteremshia ugali au wali, yaani samaki, maharage, hata nyama. Mtoto aliyeulizwa kama anapenda mboga atasema ndiyo kwa dhati akimfikiria samaki. Uliza mboga za majani, na uliza alizila lini mara ya mwisho.

Sababu ya kwanza inaweza kuwa kwamba hajazionja. Katika shule nyingi mavuno huuzwa au huenda majumbani kwa walimu, wakati getini kuna mihogo ya kukaanga, kachori, barafu na ubuyu. Tuseme ukweli kuhusu kiasi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 350 za mboga na matunda kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10, na tuta la mita tano za mraba linalotoa kilo 1 hadi 2 kwa kila mita haliwezi kulisha shule. Linaweza, hata hivyo, kumpa kila mtoto wa darasa moja vijiko viwili vya mchicha alioupanda mwenyewe, na hicho ndicho kiasi kinachohitajika kwa somo.

Sababu ya pili ni upishi. Mboga zilizokatwa kwanza kisha zikaoshwa, zikachemshwa kwa magadi hadi zikalegea na maji yake yakamwagwa, zimepoteza vitamini C, folati na ladha. Zioshwe zikiwa nzima, zikatwe, zipikwe kwa muda mfupi katika maji kidogo, na ziongezwe tui au mafuta, kwani mwili huhitaji mafuta ili kupokea karotini iliyomo katika majani ya kijani na kuigeuza vitamini A. Kamulio la ndimu husaidia madini ya chuma kufyonzwa, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kisamvu pekee kina sheria yake: lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana kemikali inayotoa sianidi, na mtoto asiruhusiwe kuyaonja bustanini.

Sababu ya tatu ni haraka ya mtu mzima. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla hajakikubali, na wengi wetu humwita mbishi baada ya mara moja. Siku ya mavuno wapikieni mchicha kwa namna tatu: wa nazi, wa karanga na wa nyanya na kitunguu. Kila mtoto apewe punje moja ya mahindi aiweke katika kikombe cha aliopendelea, au katika kikombe cha nne kama hakupenda wowote, wala asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Punje zihesabiwe na kuandikwa kwenye daftari lile lile la bustani, ukurasa unaofuata vipimo vya urefu wa mmea. Mchicha uliokatwa ukaachiwa shina huchipua tena baada ya wiki mbili hivi, na siku hiyo vikombe vinne virudishwe mezani.